Rejista ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na bati la karakana limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu. Nimesogeza meza hatua mbili kuelekea dirishani, nimeweka ndoo, nimefungua daftari hili. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye kompyuta mtu hufuta, na mimi nikianza kufuta najidanganya.

Kazi ya msimu huu ni sanduku la kuongozea lifti ya hospitali ya wazazi, ghorofa tano. Ndani ya sanduku kuna prosesa moja, na ndani ya prosesa hiyo wanaishi wapangaji watatu wasiojuana: programu ya mota, programu ya skrini na sauti, na programu ya breki. Chini yao kuna programu ya nne, haipavaiza, ambayo sisi karakana tunaiita Msimamizi. Mpangaji akitaka kitu anapiga wito: anaweka namba ya ombi na maelezo yake kwenye rejista, vile vijisanduku kumi na sita vya prosesa, halafu anasimama na kusubiri jibu.

Rejista za wito nilizichagua mimi. Ilinichukua miezi miwili ya mwaka jana, kwa karatasi na penseli. Namba ya ombi inakaa kwenye rejista sifuri, maelezo kwenye ya kwanza, ya pili na ya tatu, na jibu linarudi kwenye sifuri. Nilizichagua hizo nne kwa sababu kila kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya prosesa, inajua kwamba hizo ni za kupita tu, haiachi humo kitu inachokihitaji baadaye. Kuanzia ya nne kwenda juu, Msimamizi akizigusa lazima azirudishe kama alivyozikuta. Jedwali limebandikwa ukutani. Nakala walipelekewa watu wa kiwanda cha breki, ambao wanaandika programu yao wenyewe.

Kesho anaripoti mtaalamu mpya.

Jumanne, 4 Machi

Mtaalamu ameripoti. Ana shahada ya uzamivu, na Mkurugenzi ameagiza tumwite Daktari. Alisalimia watu wote mmoja mmoja, mpaka mfagiaji. Alisimama mbele ya jedwali langu dakika nzima.

"Dada yangu, hii kazi ni safi. Umesomea wapi?"

"Kidato cha nne. Baada ya hapo redio za watu, televisheni za watu, mpaka hapa."

"Basi redio zimefundisha vizuri."

Tulicheka wote wawili. Miaka kumi na miwili niko hapa, na sikumbuki mtu aliyewahi kulitazama jedwali lolote langu kwa dakika nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu. Maji yameingia nyumbani kwake hadi kwenye godoro. Mume wangu yuko kwenye ujenzi wa barabara mpaka Juni, kwa hiyo ni mimi na yeye.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafuta chumvi dakika kumi na tano. Ilikuwa kwenye kabati la sabuni. "Huku ni karibu zaidi na jiko," amesema.

Jumatano, 19 Machi

Daktari amemaliza kuandika upya Msimamizi. Anasema kila wito sasa ni mfupi kwa mizunguko kumi na miwili ya prosesa. Nimepima: ni kweli. Nimeendesha majaribio yangu yote mia tatu na kumi na mbili kwenye mota na skrini, na yote yamepita. Mkurugenzi amemwita Daktari hazina mbele yetu. Mimi nimepiga makofi, tena kwa moyo.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Sahani zimehamia vilipokuwa vikombe.

Jumatano, 2 Aprili

Fundi wa breki amepiga simu saa mbili kasoro. Hatujawahi kuonana, wanaokuja kujaribu uani kwetu ni vijana wake, yeye namjua kwa sauti tu, sauti ya mtu anayezungumza huku ameshika kitu kizito.

"Nyinyi mmebadilisha nini?"

"Habari za asubuhi kwanza."

"Nzuri. Mmebadilisha nini?"

Kibanda cha lifti kimekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kwenye mnara wa majaribio ulioko uani kwetu. Kilikuwa na mifuko ya mchanga ya kilo mia nne. Programu yake ya breki ilisoma kilo elfu tisa mia nne na kumi na mbili, ikaona mzigo umezidi, ikakamata.

"Ulipakia tembo?" nilimwuliza.

"Mama, sina utani. Sanduku lenu linanichafulia uzito."

"Kipima uzito ni chako. Programu inayokisoma ni yako. Kebo ni yako. Sanduku letu linaingiaje?"

Akakata simu. Nimekasirika mpaka chai imepoa. Mtu anashindwa kazi yake, anapiga simu asubuhi kutafuta wa kumbebesha.

Ijumaa, 4 Aprili

Kimekwama. Tatu na nne.

Jumatatu, 7 Aprili

Kimekwama, safari hii mbili na tatu. Daktari amesema watu wa breki wanajulikana mjini kwa kazi ya pupa. Umeme umekatika mara tatu leo kwa sababu ya mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwandikia fundi wa breki barua, Mkurugenzi ameipitisha. Naweka hapa sehemu yake kwa kumbukumbu: "Kwa upande wetu hakuna kilichobadilika katika utaratibu wa wito. Majaribio mia tatu na kumi na mbili yanathibitisha hivyo. Tunakuomba ukague vifaa vyako kwa uangalifu unaolingana na lifti ya wagonjwa, kabla ya kuwanyooshea kidole watu wanaofanya kazi zao." Daktari aliisoma juu ya bega langu. "Imemkalia," alisema.

Jumanne, 15 Aprili

Kimekwama.

Alhamisi, 17 Aprili

Kimekwama. Fundi wa breki hapigi simu tena. Anatuma orodha ya namba kila jioni bila salamu, na mimi nazitoboa na kuziweka kwenye faili bila kuzisoma.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo naandika yote, kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio unanisaidia.

Saa saba mchana mvua ilikuwa kubwa mno, hakuna aliyeweza kutoka. Sikuwa na la kufanya. Nikachukua faili la namba za fundi wa breki nijichekeshe kidogo na tembo wake. Kila mstari una saa ya tukio na uzito uliosomwa. Tarehe kumi na tano: kilo 7,350, na dakika moja baadaye, alipojaribu tena, kilo 7,950. Tarehe kumi na saba: 21,630, na dakika mbili baadaye, 22,830.

Tofauti ya kwanza ni mia sita. Ya pili ni elfu moja na mia mbili. Mia sita kwa dakika, kila mara, bila kupungua wala kuzidi. Mchanga hauongezeki uzito kwa mia sita kila dakika. Kinachokwenda mia sita kwa dakika ni saa inayohesabu sehemu ya kumi ya sekunde.

Breki haikuwa inasoma uzito. Ilikuwa inasoma muda tangu sanduku liwashwe.

Nikafungua Msimamizi wa Daktari, mstari kwa mstari. Saa nane na nusu nikaupata. Kila wito unapomalizika, Msimamizi anaweka saa yake kwenye rejista ya tisa na kuondoka. Hahifadhi kilichokuwamo. Hakirudishi. Mstari hauna maelezo, na jedwali ukutani halikuguswa. Hiyo ndiyo mizunguko kumi na miwili niliyoipigia makofi.

Na breki? Kompaila ya yule fundi imesoma jedwali langu kupitia kwake, ikaamini, na pale lifti inapoitwa njiani inaweka uzito kwenye rejista ya tisa, inapiga wito, inarudi kuuchukua uzito wake, inakuta saa. Sisi ndio tulioichafua. Alisema tangu siku ya kwanza, na mimi nikamwuliza habari za tembo.

Nilimfuata Daktari mezani kwake.

"Rejista ya tisa," nikasema.

Hakuuliza ina nini. Hilo nalitaka likae hapa. Hakuuliza.

"Ilikuwa haina mtu," akasema.

"Ilikuwa na uzito wa breki."

"Dada yangu, mimi sijagusa breki. Nilihitaji kujua wito upi umetangulia upi. Nikachukua rejista ambayo haikutajwa popote."

"Imetajwa. Kuanzia ya nne kwenda juu zirudi kama zilivyokutwa."

"Lile ni pendekezo."

Pendekezo! Miezi miwili ya penseli, sahihi tatu chini, nakala kwa kiwanda kingine, na leo ni pendekezo!

Kisha akanigeuzia kibao kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma kuliko yote. Alisema orodha ya rejista zinazochafuka wakati wa wito, ile inayoionya kompaila, iko ndani ya faili langu, si lake. "Orodha yako ni fupi. Ongeza ya tisa, kompaila itaikwepa, mambo yamekwisha. Kiufundi, kosa liko kwenye faili lako."

"Na breki? Wale hawatumii faili langu. Wana la kwao, na limeshachomwa kwenye chipu zisizoandikika tena."

"Wachome nyingine."

Nimerudi mezani kwangu. Swali lililobaki ni kwa nini majaribio yangu mia tatu na kumi na mbili yalipita, na jibu lake ni aibu yangu mwenyewe. Nayaendesha kwenye toleo la ukaguzi, ambalo kompaila haiachi kitu ndani ya rejista, kila kitu inakiweka kwenye kumbukumbu kuu. Toleo hilo lisingelikamata kosa hili hata ningeliendesha mwaka mzima. Nilijivunia namba ambayo haikupima kitu.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikwenda kazini asubuhi. Mama mkwe alinikuta nimekaa jikoni na kikombe kitupu.

"Mwanangu, umefiwa?"

"Hapana, mama. Mambo ya kazi."

"Nieleze."

"Hutaelewa, mama."

"Nimelea watoto sita na kuzika mume. Nieleze."

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba mtu anaacha kitu mahali, anamwita mwingine amfanyie kazi ndogo, na wamekubaliana huyo mwingine asiguse kabati fulani. Akirudi anakuta kitu chake hakipo, pamewekwa kingine, naye hajui, anakitumia hivyo hivyo.

Akatazama kabati la sabuni.

"Kwa hiyo huyo Daktari ni kama mimi na chumvi yako."

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka. "Tofauti ni kwamba wewe ukiulizwa unasema ulikoiweka."

"Na yule mtu wa breki uliyemtukana?"

"Sikumtukana, mama. Nilimwandikia barua ya kikazi."

"Ulinisomea mwenyewe, ukifurahi. Vaa uende ukamwombe radhi. Si kwa simu."

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda. Kiwanda cha breki ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo. Fundi ni mtu mfupi, vidole vimeungua hapa na pale, miwani imefungwa kwa waya. Barua yangu ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya meza yake.

"Karibu," alisema. "Umekuja kukagua uangalifu wangu?"

"Nimekuja kusema ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na mdomo mrefu."

Alinitazama juu ya miwani. Akaichomoa barua, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. "Sasa ina kazi," akasema. "Kaa. Nionyeshe."

Nikamwonyesha mstari. Akaomba penseli. Tulifanya hesabu pamoja, na hapo ndipo palipotokea jambo ambalo mimi peke yangu sikuwa nimeliona. Tulikuwa tunahangaika na namba kubwa, za maelfu, zinazokwamisha kibanda. Yeye aliuliza habari za namba ndogo.

"Saa inaanzia wapi?"

"Sifuri. Kila sanduku likiwashwa."

"Umeme ukikatika na kurudi, inaanza upya?"

"Inaanza upya."

"Basi sekunde ya hamsini ni mia tano. Lifti inabeba mwisho kilo elfu moja. Breki itaona mia tano, itasema sawa, mzigo wa kawaida. Sekunde ya kumi itaona mia moja." Akaweka penseli chini. "Itakamata kama imebeba mtu mmoja mwembamba."

Kwa sekunde mia moja za kwanza baada ya umeme kurudi, uzito wa uongo unafanana na wa kweli. Ndani kuna kitanda, mjamzito, wauguzi wawili, na breki inashika kwa nguvu ya mtu mmoja. Na msimu huu umeme unakatika mara ngapi kwa siku? Nimehesabu alama ninazoziweka nyuma ya daftari hili kila unapokatika: wastani mara mbili.

Alinisindikiza mpaka barabarani na mwavuli wake. Mwezi mzima nilimwona mzembe.

Jumatano, 30 Aprili

Nimempelekea Mkurugenzi kurasa nne. Alisoma ya kwanza.

"Hospitali inafungua tarehe ishirini Mei. Daktari anasema ni kuongeza namba moja kwenye faili lako."

"Hiyo inatibu mota na skrini, bosi. Breki inabaki ilivyo."

"Breki ni ya wenzetu."

"Watu watakaopanda si wa wenzetu."

Alinisogezea fomu ya kuthibitisha usalama. Ina nafasi ya saini ya mkaguzi, yaani mimi, na bila hiyo lifti haifunguliwi. Juu ya nafasi hiyo kulikuwa kumeshaandikwa kwa mashine: Chanzo cha ucheleweshaji: kosa la mkaguzi katika orodha ya rejista. Limerekebishwa.

"Ni maneno tu," akasema. "Hakuna atakayeyasoma. Daktari ana jina la kulinda, wateja wanamjia yeye."

"Na mimi?"

"Wewe una kazi ya kulinda. Mkataba wako unaisha tarehe thelathini Mei, si unajua?"

Nikaiacha fomu mezani kwake. Miaka ya mwanzo, tulipochomelea chipu chini ya taa ya mafuta, walikuwa wananiita mhimili wa karakana. Leo jina langu ni kitambaa cha kupangusia uchafu wa mtu mwenye jina zuri zaidi.

Ijumaa, 2 Mei

Sijasaini.

Jumatatu, 5 Mei

Sijasaini. Daktari amesema kwenye chumba cha chai, kwa sauti ya kusikika: "Kidato cha nne akishika jedwali moja anadhani ni katiba." Watu wamecheka. Si wote.

Jumatano, 7 Mei

Nimeandika majaribio upya, yote, kwenye toleo halisi. Mia tatu na kumi na mbili, safari hii yanajaza kila rejista namba maalumu kabla ya wito na kuzihesabu baada yake. Mia tatu na kumi na mbili yameshindwa, yote kwenye rejista ya tisa. Nimechapa matokeo na kuyabandika kando ya jedwali.

Alhamisi, 8 Mei

Yamebanduliwa.

Ijumaa, 9 Mei

Nimebandika tena.

Jumatatu, 12 Mei

Mkurugenzi amesema nisiposaini, Daktari atasaini kama kaimu mkaguzi. Nimempigia simu fundi wa breki nikiwa nje, chini ya upenu wa duka, mvua ikinirukia miguuni. Nimemwambia kila kitu. Najua mambo ya karakana hayatolewi nje, na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo wageni wote waliopita hapa. Nimeyatoa.

"Fomu ina nafasi yangu pia," alisema. "Ya mwenye breki. Mwambie bosi wako naja Alhamisi na mifuko ya mchanga. Nitasaini nikiona."

Mama mkwe ameniuliza kama nitafukuzwa. Nimesema labda. Amesema basi tutakula tulichonacho, na hajaongeza neno.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua ya manyunyu. Mnara wa majaribio, saa tatu asubuhi. Tulikuwa wanne: Mkurugenzi na mwavuli wake, Daktari, fundi wa breki na mimi. Kibandani mifuko ya mchanga, kilo mia nane.

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri, kwa sababu hatukuita lifti njiani. La pili vilevile. Daktari alikuwa anatabasamu kwa Mkurugenzi, si kwangu.

"Sasa tukate umeme," nikasema, "turudishe, na tuite kibanda kikiwa njiani, ndani ya dakika ya kwanza."

"Hakuna haja," Daktari akasema. "Hali hiyo ni ya nadra sana."

"Jana umekatika mara tatu," fundi wa breki akasema.

"Wewe umekuja kusaini au kuhubiri?"

"Nimekuja kuona. Wewe unaogopa nione nini?"

Wakaanza kupandishiana. Mkurugenzi alichoka. Ni mtu wa kumaliza mambo, hilo namjua nalo miaka yote. Akanipa mwavuli wake, akasogea kwenye mlango wa kibanda.

"Mnanichelewesha. Toeni mifuko miwili, nipande mwenyewe. Kateni huo umeme, rudisheni, iteni, nifike juu, tusaini, tukale."

Akaweka mguu mmoja ndani.

"Usipande, mzee," Daktari akasema.

Alisema haraka, bila kufikiri, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia hapa. Mkono wake ulikuwa umeshamshika Mkurugenzi kwenye kiwiko.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye chuma cha mnara. Mkurugenzi aliutazama ule mkono, kisha uso wake, kisha akautoa mguu kibandani taratibu.

"Kwa nini nisipande?"

Daktari aliachia kiwiko, akatazama juu ya mnara.

"Nimekuuliza. Tarehe ishirini wanapanda wanawake wenye uchungu. Kwa nini mimi nisipande?"

Tulifanya jaribio kwa mchanga. Umeme ukakatwa, ukarudi, kibanda kikaanza kupanda, nikakiita ghorofa ya pili kwenye sekunde ya ishirini na tano. Breki ilishika, ikateleza, ikashika, ikateleza. Kibanda kilishuka zaidi ya mita nzima kabla ya ndoana ya dharura kukidaka kwa mshindo uliotusukuma wote nyuma. Mfuko mmoja ulipasuka, mchanga ukamwagika kwenye matope.

Alijua! Mimi wiki zote hizi nilikuwa najiambia kwamba ni kiburi, kwamba msomi hapendi kusahihishwa na mtu wa redio, kwamba akieleweshwa vizuri atakubali. Niliandika kurasa, nilibandika matokeo, nilidhani tatizo ni maelezo yangu. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Angenyamaza, lifti ifunguliwe, vitanda vipande, ili asionekane amekosea mstari mmoja. Kwa bosi alipata sauti. Kwa wajawazito wasiomjua alikuwa hana.

Alirudi ndani, akauondoa ule mstari, akaiweka saa yake kwenye kumbukumbu kuu mahali ilipostahili kuwa tangu mwanzo. Nilimsimamia na saa ya mkononi. Dakika kumi na moja. Wiki sita za kukwama, barua, matusi na mvua, na dawa yake ilikuwa dakika kumi na moja.

Ijumaa, 16 Mei

Majaribio yote yamepita kwenye toleo halisi. Mara hii namba inapima kitu. Fundi wa breki amefanya ya kwake na umeme wa kukata na kurudisha, mara hamsini. Kibanda hakikukwama, wala hakikuteleza. Alinipigia simu: "Habari za asubuhi kwanza," akaanza, akacheka peke yake.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwomba mama mkwe arudishe chumvi mahali pake. Amekataa. Nimeizoea.

Jumanne, 20 Mei

Hospitali, ghorofa ya chini, saa nne na nusu. Sakafu imepigwa deki, muuguzi mkuu na wenzake wamejipanga kando ya mlango wa lifti, wagonjwa wawili kwenye vitanda vya magurudumu wanasubiri kupandishwa wodini. Daktari hakuja. Mkurugenzi alinivuta pembeni ya dirisha, akafungua faili lake.

Fomu ni ileile. Hawakuichapa upya. Chanzo cha ucheleweshaji: kosa la mkaguzi katika orodha ya rejista.

"Kitu kimetengenezwa," akasema kwa sauti ya chini. "Ulichotaka umekipata. Saini tu."

Fundi wa breki alikuwa ameshasaini nafasi yake. Nilichukua kalamu. Nikakata ule mstari kwa mstari mmoja ulionyooka, ili kilichokatwa kisomeke, nikaandika chini yake kwa herufi kubwa: Rejista ya tisa ilitumiwa na Msimamizi kinyume cha jedwali, bila taarifa. Mkaguzi alichelewa kugundua kwa kupima toleo lisilo sahihi. Mstari umeondolewa tarehe 15 Mei, majaribio yamerudiwa. Nikasaini, nikaweka tarehe.

Mkurugenzi alisoma mara mbili.

"Hii karatasi inabaki kwa mteja."

"Najua. Ndiye anayepanda."

"Nina fomu nyingine kwenye gari."

"Ilete, bosi. Nitaiandika hivyohivyo."

Alilifunga faili lake, akalifungua tena. Sijui alikuwa anafikiria tarehe thelathini au mguu wake kibandani. Nyuma yetu muuguzi mkuu alipiga makofi mawili.

"Jamani, tunafungua au hatufungui? Huyu mama hana subira, na mtoto wake hana kabisa!"

Mkurugenzi aliiweka fomu juu ya kizingiti cha dirisha na kutia saini chini ya yangu, akabonyeza muhuri. Hakuniambia lolote kuhusu mkataba, nami sikuuliza.

Kitanda cha kwanza kiliingia saa tano kasoro dakika tano. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi kati ya muuguzi na ukuta. Niliingia, nikaegemeza mgongo, nikapanda nao mpaka ghorofa ya nne.